Mkono wa Kushoto

Juu ya duka la tofu, pale Sendai,
nina chumba kimoja, mashine ya kukimbilia,
kamera mbili za mtumba
na kigoda cha wagonjwa wasiopenda kuitwa wagonjwa.

Kuwabara aliingia Jumanne, mvua imemlowesha mabega,
viatu kavishika mkononi kama mtu aletaye samaki.
Nilivipindua kabla sijamsalimu vizuri:
kisigino cha kulia kimelika upande wa nje,
cha kushoto kizima, utadhani ni cha mtu mwingine.
"Goti," akasema. "Kilomita ya nane hupiga hodi,
ya kumi na mbili huingia bila kukaribishwa."

Panda, nikamwambia. Kimbia kama unavyokimbia,
usikimbie kama unavyotaka nikuone.
Wote hudanganya dakika tatu za mwanzo,
kifua mbele, magoti juu, gwaride tupu;
ya nne, mwili huchoka kusema uongo.

Kisha tukaketi kuutazama mwendo wake
ukitambaa kwenye kioo, picha baada ya picha,
sekunde moja ikikunjuliwa
kama barua iliyokunjwa mara nyingi mno.
Hapa, nikasema, unyayo unatua mbele ya mwili:
kila hatua ni breki, na mlipaji ni goti.
Hapa nyonga inazama, upana wa kidole, hauzidi.
Haba na haba hujaza kibaba,
hata kibaba cha maumivu.
Hatua mia moja hamsini na nne kwa dakika. Chache.
Zifupishe, ziongeze, tua chini ya kiuno chako.

Hayo ni ya kila siku. Ningeyasema usingizini.
Lakini mkono.

Wa kulia ulikwenda na kurudi kama mlango wa jikoni.
Wa kushoto ulikaa mbavuni, kiwiko kimebanwa,
ngumi nusu imefumbwa, gumba juu,
umeshika kitu ambacho kamera haikukiona.

Uliwahi kuvunjika? Hapana.
Bega? Hapana.
Nikarudisha picha nyuma, nikaikuza.
Akaikazia macho ngumi ile.
Chini, muuza tofu alikuwa akiburuta ndoo.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "nilimwongoza Shizue.
Haoni tangu utotoni. Kamba fupi, kama shibiri,
mkono wake wa kulia, wangu wa kushoto.
Kona, unasema. Kokoto, unasema. Dimbwi, unasema.
Nilibana kiwiko nisimvute,
nikaegemea kulia apate njia.
Halafu akaanza kunizidi mbio.
Kiongozi anayehema hawezi kusema kona.
Kamba nilimkabidhi kijana wa chuo, mwenyewe,
kwa mikono miwili, kama tunavyotoa zawadi."

Nikahesabu: miaka miwili
anamwachia nafasi mtu asiyekuwepo,
na goti la kulia linamlipia nauli.

Nikaandika: achia kiwiko, legeza ngumi.
Simama mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na usiku.
Mapigo mia sitini na mbili, kisha sitini na sita,
kidude kikilia tik tik mfukoni.
Alikunja karatasi, akauliza bei,
akavaa viatu vilevile vilivyolowa.

Mwezi wa nne nilimfuata kwa baiskeli
ukingoni mwa mto Hirose, simu imefungwa kwenye usukani.
Mikono yote miwili ilipepea. Nyonga imetulia.
Kilomita ya nane ikapita kimya;
ya kumi na mbili, akacheka peke yake;
dakika tatu kasoro kwenye saa yake ya zamani.
Nilikuwa kushoto kwake, nikirekodi,
nikijisifu moyoni, sikatai.

Karibu na daraja, pasipo kugeuza shingo,
kwa sauti ya mtu anayefunika mtoto shuka,
alisema, "Kona."

Nami, mwenye macho mawili na kamera,
nikapinda.